Kianyaga Inajua Kungoja

Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatangazwa, shule za Gichugu, Kirinyaga, hualika wageni wa kuzungumza na wanafunzi. Mmoja huwa mhubiri, mwingine mfanyabiashara aliyetajirikia Nairobi, mwingine msomi aliyepitia madarasa hayo hayo. Ujumbe haubadiliki sana kutoka Kianyaga hadi Karatina, kutoka Kerugoya hadi Othaya. Ukubwa wa mtu hutokana na nia yake. Penye nia pana njia. Jikaze, jinyime, ngoja, na siku yako itafika. Aliyeshindwa alikosa moyo.

Nusu ya ujumbe huo naikubali bila kusita. Sijaona jambo kubwa lililotendwa na mtu asiyeweza kujinyima. Nusu ya pili, ile inayomwambia aliyeshindwa kwamba alikosa moyo, imenikera kwa muda mrefu, na naamini inawadhuru watoto wetu. Watu wa miteremko hii ya Mlima Kenya hawajawahi kupungukiwa na nia. Nikiulizwa nani anajua kungoja katika nchi hii, nitamtaja mkulima wa kahawa wa Kianyaga kabla ya mtu mwingine yeyote. Kilichoadimika kwetu ni ahadi inayotimizwa kwa wakati wake. Nia ya mtoto hunawiri anapoona waliongoja kabla yake wamepewa walichoahidiwa. Asipoliona hilo, nia hiyo hiyo huchachuka ikawa uchungu.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Walter Mischel alianza majaribio katika shule ya chekechea iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto wa umri wa miaka minne hivi aliketishwa peke yake chumbani, akawekewa kitu kitamu mezani, akaambiwa: ukitaka unaweza kula sasa, lakini ukingoja mpaka nirudi utapata na cha pili. Mtu mzima akatoka. Kuna watoto waliokula mara moja. Kuna waliofumba macho, walioipa meza mgongo, waliojiimbia nyimbo ili wasahau utamu uliokuwa karibu na pua zao. Miaka mingi baadaye baadhi yao walifuatiliwa, ikaonekana kwamba waliongoja muda mrefu zaidi walielekea kufanya vizuri zaidi katika mitihani. Habari hiyo ikazunguka dunia. Ikaingia katika vitabu vya kujiendeleza, semina na mimbari. Mzungumzaji anayesimama mbele ya wanafunzi wetu huenda hajawahi kulisikia jina la Mischel, lakini anayoyasema yana mizizi hapo: anayeweza kujizuia ndiye atakayefika.

Yaliyofuata hayakuzunguka dunia kwa kasi hiyo, na ndiyo yanayotuhusu zaidi. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia hesabu hiyo kwa watoto zaidi ya 900, wengi wao wakiwa wa akina mama wasio na shahada. Uhusiano kati ya kungoja na kufaulu ulikuwepo, ila ulikuwa karibu nusu tu ya ule wa kwanza, na walipozingatia hali ya nyumbani alikotoka mtoto, ulipungua tena kwa kiasi kikubwa. Sehemu kubwa ya kile kilichoitwa nguvu ya nia ya mtoto ilikuwa imetokana na kabati la mama yake kuwa na chakula.

Miaka mitano kabla ya hapo, mtafiti Celeste Kidd wa Chuo Kikuu cha Rochester alikuwa amefanya jambo dogo ambalo kwangu linapita mengine yote. Kabla ya kuwapa watoto jaribio la utamu, aliwagawa makundi mawili. Kila mtoto aliahidiwa vifaa bora zaidi vya kuchorea iwapo angevumilia kidogo. Kundi la kwanza lililetewa. Kundi la pili liliambiwa samahani, havipo. Ndipo jaribio lenyewe likaanza. Watoto waliotimiziwa ahadi walingoja dakika 12 kwa wastani. Waliovunjiwa ahadi walingoja takriban dakika 3. Walikuwa watoto 28 tu, wachache sana kwa kuamulia mambo ya dunia nzima, lakini mzazi yeyote atakitambua anachokiona hapo. Watoto wale hawakutofautiana kwa nguvu za roho. Walitofautiana kwa yale waliyokuwa wametendewa muda mfupi uliopita na mtu mzima.

Kisha kuna habari ya Kamerun. Bettina Lamm na wenzake waliwapima watoto wa wakulima wa jamii ya Nso, kaskazini magharibi mwa nchi hiyo, na watoto wa tabaka la kati wa Ujerumani. Watoto wa Nso waliwekewa andazi. Takriban asilimia 70 yao walingoja hadi mwisho. Kwa Wajerumani, waliongoja walikuwa asilimia 28 hivi. Mtoto wa mkulima wa Kiafrika, aliyelelewa kuwatii wakubwa na kusubiri zamu yake, alimshinda kwa mbali sana mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye kila kitu. Sasa kama kungoja peke yake ndiko kunakomfikisha mtu kwenye ukubwa, mbona si Nso inayoikopesha Ujerumani fedha?

Swali hilo nimelileta nyumbani, nikaliweka juu ya kahawa.

Mche wa kahawa ukipandwa leo katika shamba la Kianyaga hauzai mavuno ya maana kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Katika miaka hiyo unapaliliwa, unawekewa mbolea, unapogolewa, unapigwa dawa dhidi ya kutu ya majani na dhidi ya ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi. Aina iliyoujengea mkoa huu jina, SL28, iliteuliwa katika Maabara ya Scott miaka ya 1930 na inapendwa na wanunuzi wa dunia nzima, lakini ugonjwa huo huishika upesi. Kwa hiyo mwenye SL28 amejitwika uzuri na hatari kwa pamoja. Msimu mkubwa unapofika, kuanzia Oktoba, matunda hayachumwi kwa kukwanyua tawi zima. Unachuma jekundu moja moja, unaliacha la kijani, na wiki moja au mbili baadaye unarudi kwenye mti ule ule. Jioni unalibeba gunia hadi kiwandani, unalimwaga juu ya turubai, unapiga magoti na kuchambua: yaliyoiva sana kando, mabichi kando. Ndipo mizani. Ndipo karatasi yenye kilo zako. Usiku huo huo mashine inamenya, kahawa inalala ikichachuka, inaoshwa kwa maji ya mto, inatandazwa kwenye vitanda vya waya na kugeuzwa kila siku kwa wiki mbili, tatu, na kufunikwa mvua inapotishia.

Mpaka hapo mkulima ameonyesha uvumilivu wa kutosha kumpa Mischel kitabu kizima. Lakini subira yake halisi huanzia kwenye karatasi ile ya mizani. Kwa miongo mingi, kahawa iliyotoka kiwandani ilipita kwa mkobozi, kwa wakala, kwenye mnada wa Nairobi, kila mahali ikikatwa kitu, na fedha zilimrudia mwenye shamba baada ya miezi mingi, bila yeye kujua ni siku gani wala ni kiasi gani. Kahawa ya Novemba haikumlipia mtoto karo ya Januari. Mzazi alikopa, akauza ng'ombe, au akamrudisha mtoto nyumbani. Malipo yalipofika, mkopo wa pembejeo ulikuwa umekwisha kula sehemu, na riba nayo imechukua yake.

Tuikumbuke na historia, kwa sababu mkulima hakuanza kungoja juzi. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kulima kahawa ili kuwalinda walowezi. Embu, ambayo Kirinyaga ilikuwa sehemu yake wakati huo, ilikuwa miongoni mwa maeneo machache yaliyoruhusiwa kujaribu miaka ya 1930, tena kwa masharti makali. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, nao ulifunguliwa katikati ya Hali ya Hatari, watu zaidi ya milioni moja wa Mlima Kenya wakiwa wamehamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Kizazi cha babu zetu kilipanda kahawa kikitoka kijiji cha kufungiwa asubuhi na kurudi kabla ya saa ya kafyu. Atakayesema watu hao walikosa nia hajui anachokisema.

Na walifaulu. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000 za kahawa. Nyumba za mawe, kanisa, madarasa ya harambee, mtoto wa kwanza wa ukoo kuingia chuo kikuu: sehemu kubwa ya hayo yalitoka kwenye matunda yale mekundu. Kisha Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ukavunjika, bei ikaporomoka, na vyama vya ushirika vilivyokuwa vimekopa kwa fujo na kuongozwa kwa hila vikabaki uchi. Katika miaka ya karibuni nchi nzima imekuwa ikivuna tani 50,000 hivi, au pungufu. Watu waling'oa mikahawa, ingawa sheria ya wakati huo ilikataza kuing'oa bila ruhusa. Wakapanda migomba, makadamia, majani ya ng'ombe, chochote kinacholipa kikiuzwa.

Wakati huo walisemwa vibaya. Ilidaiwa wamekuwa wavivu, kwamba vijana wanataka pesa za haraka. Mimi naona mtu aliyeutunza mti miaka 20 na kuukata siku moja ni mtu aliyepiga hesabu. Alikuwa amekwisha vunjiwa ahadi mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa Rochester, na bado alingoja kwa miaka, ilhali wao walingoja kwa dakika 3.

Panda juu kidogo kuelekea msituni utaona upande wa pili wa jambo hili. Huko kahawa inaishia na majani chai yanaanza, na viwanda ni vya wakulima wadogo chini ya shirika la chai la KTDA: Kimunye, Thumaita, Mununga, Kangaita, Ndima. Chai ina malalamiko yake na sitayaficha. Bonasi huleta ugomvi karibu kila mwaka, na gharama za usimamizi ni jambo la kuulizwa maswali makali. Lakini anayechuma chai hulipwa sehemu ya fedha zake kila mwezi, na kufikia Oktoba hulipwa bonasi. Anajua tarehe. Akijua tarehe anaweza kupanga, na mtoto wake humsikia akipanga: bonasi ikija tutaezeka jiko, bonasi ikija utapata viatu. Kisha mtoto anaiona bonasi imekuja na viatu anavyo mguuni. Somo hilo la nia halihitaji mgeni kutoka Nairobi.

Najua nitakayoambiwa. Mbona Wangari Maathai alitoka Ihithe, mbona Catherine Ndereba alitoka Gatunganga, mbona David Gitari alitoka Ngiriambu hapa hapa Gichugu? Hakuna aliyewapa uhakika wa lolote. Walijikaza. Basi tuwatazame kwa makini, kwa sababu ninawaheshimu kuliko kuwafanya mapambo ya hotuba.

Wangari alizaliwa mwaka 1940, wakati ambapo wasichana wengi wa vijijini hawakupelekwa shule. Kaka yake Nderitu ndiye aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi, na mama akakubali aende. Yeye mwenyewe alisimulia hivyo. Kabla ya nia ya Wangari kulikuwa na swali la kaka na neno la mama lililosimama. Alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, alifanya jambo ambalo wengi wanaomsifu hulisahau: wanawake waliootesha miche walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika baada ya kupandwa. Zilikuwa senti chache sana. Hata hivyo mwanamke wa Tetu aliyechimba shimo, akamwagilia na kulinda mche dhidi ya mbuzi, alijua kwamba ukishika atalipwa, na alilipwa. Kufikia mwaka 2004, Wangari alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani, hesabu ya miti ilikuwa imepita milioni 30. Dunia iliona nia ya mwanamke mmoja, na kweli ilikuwa nia ya ajabu. Ilimfanya apinge jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, akatukanwa bungeni na kufukuzwa ofisini. Ilimfanya akae na akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, wakapigwa na polisi, wakahamia kanisa kuu la Watakatifu Wote na kukaa humo karibu mwaka mzima mpaka wana wao wakaanza kufunguliwa. Lakini miti milioni 30 haikupandwa na nia ya mtu mmoja. Ilipandwa na maelfu ya wanawake waliolipwa walichoambiwa watalipwa.

Ndereba alizaliwa Nyeri mwaka 1972, na katika uvumilivu sina mfano wa karibu zaidi wa kuwapa vijana. Hakupenda kukimbilia mbele mapema. Aliwaacha wengine watangulie, akawasogelea maili baada ya maili. Tarehe 30 Septemba 2001 Naoko Takahashi wa Japani alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 20, pale Berlin. Wiki moja baadaye, Chicago, Ndereba akakimbia kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Boston aliishinda mara 4. Alikuwa bingwa wa dunia Paris mwaka 2003 na tena Osaka mwaka 2007. Olimpiki ilimnyima dhahabu mara mbili: Athens mwaka 2004 alimaliza sekunde 12 nyuma ya Mizuki Noguchi, na Beijing mwaka 2008, akiwa na miaka 36, alikuwa wa pili nyuma ya Constantina Diță wa Romania. Ni nani atakayesema huyu hakuwa mkubwa kwa kuwa alikosa dhahabu ya Olimpiki?

Lakini tazama alisimama juu ya nini. Alikuwa mtumishi wa Idara ya Magereza, iliyomwajiri mwaka 1994 na kumwachia nafasi ya kufanya mazoezi. Alipata binti mwaka 1997, na mumewe alikubali kumlea mtoto mama akiwa safarini, jambo ambalo wanaume wengi wa mlimani wakati huo wangeliona la aibu. Na mchezo wenyewe ulimtendea haki. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, leo na kesho, Boston na Osaka. Ukifika kwenye utepe, utepe upo. Hakuna ofisa anayeusogeza mbele kilomita tano ukiwa umebakiza hatua kumi, akakuambia urudi wiki ijayo na nakala ya kitambulisho. Mkulima wetu wa kahawa amekimbia mbio ambazo utepe wake umekuwa ukihamishwa tangu ujana wake, na bado anaambiwa ajifunze uvumilivu kutoka kwa wanariadha.

Kuhusu Gitari nitakaa kidogo zaidi, kwa kuwa ni wa hapa. Alizaliwa mwaka 1937, akawa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki mwaka 1975, na mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu wa Kenya. Miaka ya 1980, chama tawala cha KANU kilipoleta kura ya mlolongo, ambapo mpiga kura alijipanga hadharani nyuma ya mgombea wake na kuonekana na kila aliyetaka kumwona, Gitari aliipinga kwenye mimbari kwa majina na kwa mifano ya Biblia ambayo kila mtu aliielewa. Kimya kilikuwa ndicho hekima ya wakati huo, na hata ndani ya kanisa walikuwepo waliotamani apunguze sauti. Usiku mmoja wa Aprili 1989 kundi kubwa la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake Kirinyaga na kuvunja milango. Alipanda juu ya paa na familia yake, akapiga mayowe. Majirani wakaitikia, wakatoka gizani wakaja, na wavamizi wakakimbia.

Tukimsimulia Gitari huwa tunasimulia ujasiri wake, na ni haki. Mimi nataka tuwasimulie na wale majirani. Kwetu mtu akipiga nduru usiku, unatoka. Ni ahadi isiyoandikwa, ya zamani kuliko kanisa na kuliko serikali. Usiku ule ilikuwa na gharama, kwa maana hakuna aliyejua ni nani amewatuma wavamizi wala watakaojitokeza watafanywa nini kesho yake. Walitoka. Jumapili zilizofuata askofu alirudi mimbarini, akasema yale yale, na tunamwita mkubwa. Angepiga kelele na milango yote ikabaki imefungwa, nia yake ingezikwa pamoja naye.

Kwa hiyo nikiwatazama watatu hao siwaoni watu waliokuwa peke yao na moyo wao. Ninaona moyo mkubwa uliokutana na neno lililosimama: la kaka, la mwajiri, la mume, la jirani. Wapo pia waliofika bila hata hilo, wachache mno, nao wanastahili heshima ya peke yake. Lakini kaunti haiwezi kupanga maisha ya watoto wake kwa kutegemea kwamba kila mmoja atakuwa wa namna hiyo.

Tazama tunavyowatenda hata waliotii kila neno. Mwanafunzi wa udaktari ndiye mtoto aliyengoja kuliko wote. Alikuwa wa kwanza darasani, akasoma miaka sita wakati wenzake wameshaanza kazi. Mwaka 2017, baada ya mgomo wa siku 100, serikali ilitia saini makubaliano na chama cha madaktari, yakiwemo malipo ya madaktari walio mafunzoni. Mwaka 2024 ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya 200,000 walizoandikiwa. Madaktari wakagoma siku 56, na ilipofika Desemba ndipo wakaahidiwa tena kile kile walichokuwa wameahidiwa miaka 7 nyuma. Mdogo wake aliye kidato cha tatu Kianyaga aliyafuata hayo yote kwenye simu ya baba. Januari akija mgeni kumwambia asome kwa bidii ili awe daktari, anayo habari nyingine ya kulinganisha nayo.

Na kuna wakati nia ya kweli ni kukataa kuendelea kungoja. Huko chini Mwea, mifereji ya mpunga ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari. Uhuru ulikuja, lakini mkulima aliendelea kuwa mpangaji wa leseni, akilazimika kuuza mpunga wake kwa Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji kwa bei iliyoipanga yenyewe. Alingoja zaidi ya miaka 30. Mwaka 1998 wakulima wakasema basi, wakaupeleka mpunga kwa chama chao wenyewe. Mwaka uliofuata vijana wawili waliuawa katika makabiliano na polisi. Wakulima hawakurudi nyuma. Ukitafuta mfano wa nguvu ya nia katika Kirinyaga, mimi ningeuweka huo mbele ya hadithi nyingi za matajiri waliojitengeneza wenyewe. Watu wale walijua tofauti kati ya subira na kudhulumiwa.

Wengine huacha kungoja kwa njia nyingine. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, watu zaidi ya kumi walikufa baada ya kunywa pombe yenye sumu, na wengine walipofuka. Mazishi yalijaa maneno kuhusu kizazi kisicho na moyo. Sitetei ulevi, na kijana anayeweza kushika jembe na akashika chupa ana sehemu yake ya lawama. Lakini kijana wa miaka 25 aliyemwona baba yake akingoja malipo ya kahawa mpaka akafa, na kaka yake akingoja kazi na shahada mkononi, amejifunza jambo kuhusu kungoja. Hatutalifuta jambo hilo kichwani mwake kwa kumkemea kaburini.

Yapo mabadiliko, na nayasema kwa furaha. Serikali iliweka hazina ya kumlipa mkulima sehemu ya fedha za kahawa mapema baada ya kupeleka matunda. Tangu 2023 fedha za mnada zimeanza kupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja, ili zisizungukie mikononi mwa watu wengi. Bei nazo zimepanda. Katika vijiji kadhaa mikahawa inarudishwa pale ilipong'olewa, na wanaopanda ni pamoja na vijana tulioambiwa wanataka pesa za haraka. Walitaka kulipwa, basi.

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu wakuu wa Gichugu ni hii: Januari ijayo mwalikeni mgeni wenu, lakini siku hiyo hiyo mwalikeni na mwenyekiti wa chama cha ushirika, mwakilishi wa wadi na msimamizi wa basari, na wanafunzi wawaulize mbele ya wazazi ni lini watalipa na kiasi gani. Mzazi naye ajiulize yake. Ukimwambia mtoto akifaulu utamnunulia baiskeli, mnunulie, au usimwahidi. Ahadi ni deni.

Kwa viongozi wa vyama vya ushirika neno langu ni fupi zaidi. Msimu mkubwa unafunguliwa Oktoba. Kabla gunia la kwanza halijamwagwa juu ya turubai, bandikeni kwenye ukuta wa kiwanda tarehe ya malipo, kwa wino mkubwa unaosomeka na mzee asiye na miwani, na chini yake andikeni kiasi mtakachomwongezea mkulima kwa kila mwezi mtakaochelewa. Kisha lipeni siku hiyo.